Ulinganifu katika Vielelezo vya Kiini cha Atomu

Kiini cha atomu hakionekani kwa jicho wala kwa darubini yoyote ya mwanga. Upana wake haufiki sehemu moja katika elfu kumi ya upana wa atomu yenyewe, na ndani ya nafasi hiyo ndogo hukaa protoni na neutroni, ambazo jumla yake katika urani ya kawaida hufika 238. Mtu akitaka kuzifuata chembe hizo moja moja kwa hesabu, hesabu itamshinda. Hata mashine kubwa za kukokotoa za siku hizi huiweza kazi hiyo kwa viini vyepesi na kwa baadhi tu ya vile vizito. Hata hivyo mengi yamejulikana juu ya kiini, na sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipatikana kwa njia nyingine. Badala ya kuuliza kila chembe inafanya nini, wataalamu waliuliza ni mageuzi gani yawezayo kufanywa juu ya kiini kizima kisionekane kuwa kimebadilika. Njia hiyo ndiyo iitwayo njia ya ulinganifu.

Jina lenyewe lataka kuangaliwa. Katika mazungumzo ya kila siku ulinganifu ni hali ya vitu viwili kufanana au kuchukuana. Katika hesabu maana yake ni nyembamba zaidi: kitu kina ulinganifu ikiwa liko tendo ambalo kikitendewa hubaki kama kilivyokuwa. Kwa hiyo ulinganifu si sifa ya kitu peke yake, ni sifa ya kitu pamoja na tendo, na mwenye kuutaja bila ya kulitaja tendo hajasema neno. Huenda mfasiri akaelekea kwanza kwenye neno usawa, lakini neno hilo litampoteza, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Uchukuliwe ubao wa bao. Una mashimo 32, katika safu nne za manane. Kama mashimo yote yangalikuwa ya umbo moja, ubao ungaliweza kutazamwa katika kioo, kulia kuwa kushoto, na mtu asitambue tofauti. Ungaliweza pia kugeuzwa nusu mzunguko, upande wa mchezaji mmoja ukaja kwa mwenzake, na tofauti isitambulike. Lakini kila mchezaji ana nyumba yake, lile shimo la mraba katika safu ya mbele, nayo ni ya nne kutoka mkono wake wa kuume. Kwa ajili ya nyumba, ulinganifu wa kioo umevunjika, maana katika kioo nyumba huhamia mkono wa kushoto. Ulinganifu wa nusu mzunguko haukuvunjika. Nao ungalivunjika, mmoja wa wachezaji angalidhulumiwa. Basi ulinganifu mmoja waweza kuondoka na mwingine ukabaki, na yule ajuaye ni upi ulioondoka amekwisha kujua jambo kubwa juu ya ubao ule hata kabla ya kuziona kete.

Liko jambo la pili, nalo halitakuwa geni kwa watu wa lugha. Sarufi haijulikani kwa yale yasemwayo tu, hujulikana pia kwa yale ambayo hakuna ayasemaye. Hakuna aliyelelewa katika Kiswahili atakayesema kitabu limeanguka, na kukosekana kwa kauli hiyo katika vinywa vya watu wote ni ushahidi wa ngeli ulio mzito kuliko kauli elfu zilizosemwa sawasawa. Ulinganifu wa kiini nao hujulikana vivyo hivyo. Kiini huwa na ngazi za nishati ambazo hupimwa katika maabara, na mara nyingi ngazi isiyokuwapo pale ambapo ingalitazamiwa ndiyo itoayo habari.

Ulinganifu wa kwanza uliotumika kwa faida kubwa katika elimu ya kiini hauhusu umbo wala mahali. Mapema katika mwaka 1932 James Chadwick alithibitisha huko Cambridge kuwa iko chembe isiyo na umeme, neutroni, ambayo uzito wake hupita ule wa protoni kwa kadiri ya sehemu moja katika 700. Mwaka huo huo Werner Heisenberg alitoa shauri kwamba protoni na neutroni zihesabiwe kuwa hali mbili za chembe moja. Kugeuza protoni kuwa neutroni kukawa kama kuzungusha kitu, ila mzunguko huo haufanyiki katika nafasi waishimo watu, hufanyika katika nafasi ya hesabu tu. Eugene Wigner, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani, alilipanua wazo hilo mwaka 1937, na sifa inayohusika na mzunguko huo huitwa siku hizi isospini.

Shauri hilo lilikuwa na ujasiri, kwani protoni ina umeme na neutroni haina, na mtu angaliweza kusema kwamba tofauti hiyo yatosha kulibatilisha. Jibu ni kwamba kwa chembe zilizokaribiana ndani ya kiini nguvu ya umeme ni dhaifu mno mbele ya nguvu izifungayo chembe, na nguvu hii ya pili haijali sana kama chembe ina umeme au haina. Jambo hili laweza kupimwa. Lithiamu 7 ina protoni 3 na neutroni 4. Beriliamu 7 ina protoni 4 na neutroni 3. Kila kimoja ni taswira ya mwenzake katika kioo cha Heisenberg. Ngazi ya kwanza juu ya hali ya utulivu iko kwenye elektronivolti 478,000 hivi kwa lithiamu, na kwenye 429,000 hivi kwa beriliamu. Hesabu hizi si sawa, na hapa ndipo neno usawa linapoanguka. Lakini zimelingana kiasi ambacho hakiwezi kuwa bahati, na lile pengo la 49,000 hutokana hasa na umeme wa protoni. Ulinganifu umetoa kanuni, na upungufu wa ulinganifu umetoa kipimo cha kitu kilichouvunja.

Mfano wa kaboni 14, nitrojeni 14 na oksijeni 14 wapendeza zaidi. Ya kwanza ina protoni 6 na neutroni 8, ya tatu ina 8 na 6, na ya katikati ina 7 kwa 7. Kama kioo ni cha kweli, hali ya utulivu ya kaboni na ile ya oksijeni ni ndugu wawili, na nitrojeni haina budi kuwa na ndugu wa tatu. Ndugu huyo yupo, lakini hakai chini walipokaa wenzake: yuko juu ya hali ya utulivu ya nitrojeni kwa elektronivolti milioni 2.31. Hali ya utulivu ya nitrojeni yenyewe haina ndugu upande huu wala ule, kwa sababu mpangilio wake huwezekana kwa protoni na neutroni zikiwa pamoja, na hauwezekani kwa chembe mbili za jina moja. Atakayetafuta hali kama hiyo katika kaboni 14 ataikosa, na kukosa huko ni sehemu ya kanuni.

Ulinganifu wa pili ulikuja kwa njia ya makosa. Ilikuwa imejulikana kwamba viini vyenye protoni au neutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126 ni imara kuliko jirani zao. Bati, lenye protoni 50, lina isotopu 10 zilizo thabiti, nyingi kuliko za elementi nyingine yoyote. Risasi 208 ina protoni 82 na neutroni 126, na uimara wake wafahamika. Wataalamu waliziita hesabu za ajabu, kwani hakuna aliyeweza kuzieleza.

Maelezo yaliyo mepesi ni haya. Ichukuliwe kwamba kila chembe huvutwa kuelekea katikati ya kiini kwa nguvu inayoongezeka kadiri chembe inavyokwenda mbali, kama kitu kilichofungwa kwa kamba ya mpira. Nishati yake huja kwa mafungu yaliyo sawa, na mafungu hayo yaweza kugawanywa katika pande tatu, urefu, upana na kimo, kwa mgawanyo wowote. Jumla ya mafungu ndiyo pekee iamuayo nishati. Pasipo fungu mgawanyo ni 1. Kwa fungu moja migawanyo ni 3. Kwa mafungu mawili ni 6. Kwa matatu ni 10. Kwa manne ni 15. Kila mgawanyo hupokea chembe mbili za jina moja na hapana zaidi. Basi matabaka hujaa kwa chembe 2, 6, 12, 20 na 30, na jumla zake zikifuatana ni 2, 8, 20, 40 na 70. Uhuru huo wa kuyahamisha mafungu kutoka upande hata upande bila ya kuibadili nishati ndio ulinganifu ambao wanahesabu huuandika SU(3). Majina ya namna hii ni alama tu, na hakuna haja ya kuyatafsiri.

Hesabu tatu za kwanza ni barabara. Baada ya hizo zote ni makosa. Kiini hakijui 40 wala 70 kwa heshima inayotabiriwa, bali chajua 28, 50, 82 na 126. Katika mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer huko Marekani, na Hans Jensen pamoja na Otto Haxel na Hans Suess huko Ujerumani, waliipata sababu bila ya kushauriana. Mayer mwenyewe alishukuru kwa swali la Enrico Fermi lililomwelekeza. Kila chembe ina mzunguko wake yenyewe, uitwao spini, mbali na mwendo wake katika kiini. Mizunguko hiyo miwili ikienda upande mmoja nishati hupungua, ikienda kinyume nishati huongezeka. Kwa nyongeza hiyo moja baadhi ya migawanyo hushushwa kutoka tabaka la juu hadi tabaka la chini, na hesabu zote za ajabu hukaa mahali pake. Nyongeza hiyo imefanya kazi ya nyumba katika ubao wa bao: imeuvunja ulinganifu mkubwa, na mpango uliobaki ndio wa kweli. Wigner, Mayer na Jensen waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963, nusu kwa Wigner na nusu kwa wale wawili.

Lakini kielelezo cha matabaka kilikuwa na taabu yake. Kilikichukua kiini kuwa mviringo kama chungwa, na viini vingi vizito havikukubali. Mwaka 1950 James Rainwater, kisha Aage Bohr na Ben Mottelson katika miaka iliyofuata, walionyesha kwamba viini hivyo vimerefuka na huzunguka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975.

Hapa msomaji na atulie kidogo, kwani hoja ni ya ajabu. Kitu kilicho mviringo kamili hakiwezi kuonekana kikizunguka, maana kila kikigeuzwa ni kile kile. Na katika elimu ya kwanta kisichoweza kutambulika hakihesabiwi kuwa kimetokea. Kwa hiyo kiini cha mviringo hakina ngazi za mzunguko wa jumla. Kiini kikionyesha ngazi hizo, kimekiri chenyewe kwamba ulinganifu wa mviringo umevunjika na kwamba kina mhimili mrefu. Kanuni ya ngazi hizo ni nyepesi: nishati hulingana na hesabu ya mzunguko mara hesabu hiyo iliyoongezwa moja. Kwa mzunguko wa 2 hupatikana 6, kwa 4 hupatikana 20, kwa 6 hupatikana 42. Basi ngazi ya pili ni mara 3.33 ya ile ya kwanza, na ya tatu ni mara 7. Katika urani 238 ngazi zilizopimwa ni elektronivolti 44,900 na 148,400 na 307,200. Uwiano wake ni 3.31 na 6.84. Kwa kitu chenye chembe 238 zinazogongana, karibu hii yastahili kustaajabiwa. Upungufu mdogo uliobaki wasema kwamba kiini si kigumu kama jiwe, na kwamba hujinyosha kidogo kadiri kizungukavyo.

Ngazi zilizotajwa ni za 2, 4 na 6. Ziko wapi ngazi za 1, 3 na 5? Hazimo katika safu hiyo. Kiini kilichorefuka kama yai lenye ncha mbili zilizo sawa, kikigeuzwa nusu mzunguko, ncha kuwa mahali pa ncha, hubaki kile kile. Na ulinganifu huo ukibaki, hesabu zisizo shufwa hukatazwa. Kama vile kitabu limeanguka, hazisemwi. Zikisemwa, hapana budi umbo ni jingine. Mwaka 2013 kundi la wataalamu wanaofanya kazi katika maabara ya ISOLDE ya CERN, karibu na Geneva, lilitangaza vipimo vya radiamu 224, ambayo katika nishati ya chini ina ngazi za hesabu witiri karibu na zile shufwa. Vipimo vyao vilionyesha kwamba kiini hicho kina umbo la peasi, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Radoni 220, waliyoipima pamoja nayo, ilionekana kuliendea umbo hilo na kurudi, bila ya kutulia ndani yake.

Palibaki swali lililowatenga watu wa matabaka na watu wa mzunguko: chembe zinazotembea kila moja katika njia yake zapataje kuzunguka pamoja kama kitu kimoja? Mwaka 1958 Mwingereza J. P. Elliott alilijibu kwa viini vyepesi, na alilijibu kwa kuuokota ule ulinganifu wa SU(3) uliokuwa umetupwa kando. Katika viini vyepesi nguvu ya spini haijawa kubwa ya kuuharibu kabisa. Elliott alionyesha kwamba chembe zikiyahamisha mafungu yao kwa utaratibu huo, ngazi zao hujipanga zenyewe kwa kanuni ya mzunguko, pasipo mtu kudai mwanzoni kwamba kiini kimerefuka. Neoni 20 ina chembe nne nje ya tabaka lililojaa, kila moja na mafungu mawili. Jumla ni 8, na kielelezo husema kwamba safu ya mzunguko haina budi kukoma kwenye hesabu ya 8. Kitu kigumu kizungukacho hakina mwisho wa namna hiyo. Haifai kuficha kwamba uwiano wa ngazi za neoni ni wa hafifu: zimepimwa kwenye elektronivolti milioni 1.63, 4.25 na 8.78, yaani mara 2.6 na 5.4, mbali na 3.33 na 7. Ubora wa kazi ya Elliott haumo katika tarakimu. Umo katika kuonyesha kwamba maelezo mawili yaliyodhaniwa kupingana yaweza kutoka katika ulinganifu mmoja.

Viini vya katikati na vizito vilingoja hata mwaka 1975, ambapo Akito Arima wa Japani na Francesco Iachello wa Italia walitoa kielelezo kisichohesabu chembe moja moja bali jozi. Jozi yaweza kuwa bila ya mzunguko, nayo ina hali 1, au kuwa na mzunguko wa 2, nayo ina hali 5. Jumla ni 6, na ulinganifu wa sita hizo waweza kuvunjika kwa njia tatu tu. Ya kwanza ni ya kiini kinachotetema, na uwiano wa ngazi zake mbili za mwanzo ni 2. Ya pili ni ya kizungukacho, 3.33. Ya tatu ni ya kiini kilichotoka katika mviringo kisichoshika umbo moja, 2.5. Njia hiyo ya tatu ilipata mfano wake mwaka 1978 katika platini 196, ambayo uwiano wake ni 2.47. Viini vingi hukaa baina ya njia hizo. Samariamu 152, yenye 3.01, imekuwa mfano mashuhuri wa kiini kilicho karibu na mpaka.

Sifa ya kielelezo hicho imewafanya baadhi ya watu kukisadiki kupita kiasi. Kadimiamu 110 na 112 ziliwekwa vitabuni kwa muda mrefu kuwa mfano safi wa kutetema, kwa kuwa ngazi zake zilijipanga karibu kama ilivyotakiwa. Katika miaka ya karibuni vipimo vya nguvu ya mpito kutoka ngazi hadi ngazi vimeonyesha kwamba baadhi ya ngazi hizo hazitendi kama ndugu wa kutetema, na ya kwamba maumbo zaidi ya moja hukaa pamoja katika kiini kimoja. Ngazi zilikuwa mahali pake. Undugu ndio uliokosekana.

Hata kioo cha Heisenberg kimeonekana kuwa na ufa. Bromini 73 ina protoni 35 na neutroni 38, na stronshiamu 73 ina 38 na 35. Kwa kanuni, hali zao za utulivu zilipaswa kuwa na mzunguko mmoja. Mwaka 2020 ilitangazwa kutoka maabara ya chuo kikuu cha jimbo la Michigan kwamba sivyo: ile ya bromini ina mzunguko wa nusu moja, na ile ya stronshiamu nusu tano. Katika bromini hali ya nusu tano iko juu ya ile ya utulivu kwa elektronivolti 27,000 tu, pengo dogo kuliko lile lililoonekana baina ya lithiamu na beriliamu, na katika stronshiamu hali hizo mbili zimepishana.